Gurudumu la nyuma likitoka, mnyororo ushikwe na nini?

Ndugu msomaji,

Umeniandikia kutoka Morogoro kwamba umenunua baiskeli ya gia ya mtumba yenye breki za diski, kwamba unaiosha uani kila Jumamosi, na kwamba mara kadhaa kwa mwaka unaisafirisha kwa basi hadi Iringa ukiwa umelitoa gurudumu la nyuma ili iingie kwenye buti. Unasema gurudumu likishatoka mnyororo unalegea na kuulalia uma wa nyuma wa fremu, unachubua rangi, unapaka grisi kila unachogusa, na hauzunguki tena ili uweze kusuguliwa. Umeona picha za kifaa kidogo chenye roda kinachofungwa mahali pa gurudumu, nawe unauliza kama kinahitajika kweli, kipi kitaingia kwenye baiskeli yako, na kama fundi wa mtaani anaweza kukutengenezea.

Jibu langu kwa ufupi ni kwamba kwa kuosha kifaa hicho kina faida kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani, lakini kwa safari ya basi faida yake ni ndogo kuliko wauzaji wanavyodai, kwa sababu kinachoumia ndani ya buti kwa kawaida si mnyororo. Ama kutengenezewa, inawezekana, na kwa baadhi ya baiskeli kile cha fundi kitakuwa bora kuliko cha dukani.

Tuanze na sababu ya mnyororo kulegea, maana ndiyo itakayokuongoza katika kuchagua. Kile kihamisha gia kinachoning'inia chini ya gia za nyuma, chenye roda mbili ndogo, kina springi inayovuta mnyororo kuelekea nyuma muda wote. Gurudumu likiwepo, springi inavuta na gia inazuia, hivyo mnyororo unakaa umenyooka. Ukilitoa gurudumu, springi inabaki ikivuta bila kizuizi, mkono wa kihamisha gia unarudi nyuma hadi mwisho, na sehemu ya juu ya mnyororo inaangukia kwenye uma. Kifaa unachokiulizia kinachukua nafasi ya gia kama kizuizi: ni roda ya nailoni au ya alumini, yenye meno au yenye mfereji tu, inayozunguka juu ya ekseli iliyofungwa katika midomo ya fremu ambamo gurudumu hukaa. Mnyororo unapita juu yake, nawe unaweza kuzungusha pedali kwa mkono, mbele au nyuma, na kila pingili ikapita mbele ya brashi yako.

Huenda ukauliza kwa nini mtu ahangaike kulitoa gurudumu ilhali mnyororo unaweza kuzungushwa kinyumenyume likiwa mahali pake. Kwa baiskeli yenye breki za kubana rimu, sina ugomvi na anayeosha namna hiyo. Kwa baiskeli ya diski kama yako, ninao ugomvi. Dawa ya kuyeyusha grisi, iwe sabuni maalumu au mafuta ya taa, inachuruzika kutoka kwenye mnyororo hadi kwenye gia, kutoka kwenye gia inaingia ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ambako inaondoa grisi ya beringi, na matone yanayorushwa na brashi yanaifikia diski. Pedi za breki zikishanyonya mafuta hupiga kelele na kupoteza nguvu, na mara nyingi dawa yake ni kununua nyingine. Gurudumu likiwa limeegemezwa ukutani mbali na shughuli, hatari hiyo inaondoka, na gia za nyuma unaweza kuzisafisha peke yake zikiwa zimeinamishwa ili uchafu udondokee nje badala ya kuingia ndani.

Kalipa ya breki, yaani kile kifaa kinachoibana diski kwa pedi, hata hivyo, inabaki kwenye fremu pamoja na pedi zake. Ifunike kwa mfuko wa plastiki, na katikati ya pedi uchomeke kipande cha kadibodi kilichokunjwa mara mbili au tatu. Ikiwa breki zako ni za mafuta na mtoto akaubana mkono wa breki wakati diski haipo, pistoni zitasogea mbele na diski haitaingia tena mpaka uzirudishe kwa nguvu.

Sasa tuje kwenye suala la kipi kitaingia, ambalo ndilo linalowagharimu watu wengi, kwa kuwa vifaa hivi vinafanana sana machoni na vinatofautiana katika milimita chache. Litoe gurudumu, uitazame midomo ya fremu. Ikiwa ni midomo iliyo wazi upande wa chini, na ekseli ni ile inayokazwa kwa kijiti chembamba chenye wenzo unaofungwa kwa mkono, basi baiskeli yako ni ya mfumo wa zamani kidogo, na nafasi kati ya mdomo na mdomo itakuwa milimita 130 kwa baiskeli nyingi za barabarani au 135 kwa nyingi za milimani. Kwa fremu za namna hii karibu kila kifaa kinachouzwa kinafaa, mradi kiwe na upana unaolingana.

Ikiwa badala ya midomo iliyo wazi unaona matundu mazima, na ekseli ni fimbo nene ya milimita 12 inayopenya kutoka upande wa kushoto na kujikaza kwenye hesi za upande wa kulia, basi uwe mwangalifu zaidi. Unene wa milimita 12 ni wa wote, lakini hesi zimegawanyika katika makundi matatu makubwa. Ekseli za mtindo wa kampuni ya Shimano zina umbali wa milimita 1.5 kutoka hesi moja hadi inayofuata, zile za SRAM za aina ya Maxle milimita 1.75, na zile za mtindo wa Syntace X-12 milimita 1.0. Mara nyingi namba hiyo imechapwa kwenye ekseli yenyewe. Kama imefutika, weka rula juu ya hesi na uzihesabu ndani ya milimita 12: ukipata 12, ni ya 1.0, ukipata 8, ni ya 1.5, ukipata karibu 7, ni ya 1.75. Kifaa chenye hesi zisizo zake kitaingia mzunguko mmoja au miwili kisha kigome, na mwenye haraka ataongeza nguvu. Hesi za fremu zikishaliwa kwa namna hiyo, utakuwa umeharibu kitu cha bei kubwa kwa ajili ya kuokoa rangi.

Kwa sababu hiyo ninapendekeza, kwa fremu za ekseli nene, roda yenye tundu inayovishwa kwenye ekseli ya baiskeli yenyewe. Haijali hesi, kwa kuwa inayokazwa ni ile ile ekseli iliyokuja na fremu. Kuna pia aina inayofungwa upande wa kulia tu na kubaki ikielea kama kidole; inatosha kwa kuosha, lakini haishikilii upana wa uma, na utaona hapa chini kwa nini nalitaja hilo.

Angalia pia ukubwa wa roda. Gia ndogo yenye meno 11, kwa mnyororo ambao pingili zake zinapishana kwa milimita 12.7, ina kipenyo cha takriban milimita 45. Roda iliyo karibu na kipimo hicho itaufanya mnyororo ukae kama ulivyozoea. Ikiwa ndogo sana, mnyororo utabaki na ulegevu ambao springi haiwezi kuumaliza. Ndiyo maana, kabla ya kulitoa gurudumu, ninashauri mnyororo uwe kwenye gia ndogo kabisa ya nyuma lakini sproketi kubwa ya mbele: gia ndogo kwa sababu ndiyo iliyo mkabala na mahali roda itakapokaa, na sproketi kubwa kwa sababu inakula urefu zaidi wa mnyororo. Ikiwa kihamisha gia chako kina swichi ndogo ya kulegeza klachi, yaani kile kinachouzuia mkono wake usichezecheze, ilegeze kwanza, na uikumbuke baadaye. Wengi huilaumu baiskeli kwamba mnyororo unapigapiga njiani, kumbe wao ndio waliosahau swichi.

Tuje kwa fundi. Kama fremu yako ni ya midomo iliyo wazi, usinunue chochote kabla hujampitia fundi aliye na rundo la magurudumu mabovu nyuma ya banda lake. Mwombe habu ya nyuma ya baiskeli ya gia ambayo rimu yake imepinda na haina kazi tena, yenye kijiti chake cha kukazia. Afungue chuchu za spoki moja baada ya nyingine, asizikate zikiwa zimekazwa maana zinaruka, kisha abakize gia moja tu, ile ndogo, akijaza nafasi iliyobaki kwa vipete ili isitembee. Hapo unapata kitu ambacho mafundi wa nchi nyingine hukinunua dukani kikiwa kimetengenezwa makusudi: habu ya bandia. Upana wake ni halisi, beringi zake ni halisi, mnyororo unakaa mahali pake hasa, na ukikaza wenzo unaushikilia uma wa nyuma kama vile gurudumu lipo. Mimi ninayo moja niliyoipata hivyo, na meno ya gia yake yameliwa hadi yamekuwa kama ya papa, lakini kwa kazi ya kushikilia mnyororo unaooshwa hilo halina madhara yoyote.

Kwa ekseli nene kazi inahitaji vipimo zaidi, ila haimshindi mtu mwenye msumeno. Chukua kipande cha bomba gumu la maji la plastiki ambalo tundu lake linapitisha ekseli ya milimita 12 bila kubana. Kipande hiki kitasimama kati ya midomo miwili na kuzuia uma usivutwe ndani ekseli inapokazwa. Hapa kuna mtego: fremu inayoitwa ya milimita 142 ina vishimo vya milimita 3.5 kila upande ambamo ncha za habu huzama, kwa hiyo bomba nene lisiloweza kuingia kwenye vishimo hivyo linapaswa kuwa na urefu wa takriban milimita 135, na si 142. Ukikata kwa kufuata namba iliyoandikwa kwenye ekseli, halitaingia, au litaingia kwa kuutanua uma. Pima fremu yako mwenyewe, kutoka uso wa ndani hadi uso wa ndani, kisha ukate. Juu ya bomba hilo vika kipande kifupi cha bomba pana zaidi kitakachozunguka kwa uhuru, kikae upande wa kulia kabisa mahali pa gia ndogo, na ukizuie pande zote mbili kwa vipete vya mpira ulivyovikata kwenye tyubu kuukuu na kuvirudia mara mbili au tatu mpaka viwe vinene kama kingo. Mnyororo utapita katikati ya kingo hizo. Kitapiga kelele kidogo. Ekseli yenyewe ikaze kwa vidole tu mpaka iguse, kwa kuwa haibebi uzito wa mtu.

Usije ukakaza ekseli hiyo kwa nguvu bila bomba wala habu katikati, eti ili isipotee njiani. Uma utavutwa ndani bila kizuizi, na fremu ya kaboni inaweza kupasuka kwa kosa hilo moja.

Kuhusu kuosha kwenyewe sina mengi, kwa sababu swali lako halikuwa hilo, lakini kifaa kikishafungwa watu hupata ari na kuanza kujaribu kila kimiminika kilichomo nyumbani. Mafuta ya taa yanafaa, mradi uyaondoe baadaye kwa maji ya sabuni na kuukausha mnyororo kwa kitambaa. Petroli inasafisha haraka na inaweza kukuunguza haraka vilevile. Sikushauri uitumie, hasa uani penye jiko la mkaa. Asidi ya aina yoyote, pamoja na maji ya betri ambayo wengine huyatumia kuondolea kutu, usiyakaribishe kabisa. Chuma cha mnyororo kimekaushwa kwa moto mpaka kikawa kigumu sana, na chuma kigumu kikikutana na asidi hunyonya hidrojeni na kuwa mkavu kama kauri. Kwa macho kitang'aa, lakini kitakatika siku unapopanda mlima. Ukimaliza, tia tone moja la mafuta juu ya kila pingili huku ukizungusha pedali taratibu, subiri dakika chache, kisha ufute yote yaliyobaki nje.

Sasa safari. Umeniambia unataka kifaa hiki zaidi kwa ajili ya basi, nami hapa ndipo nilipojifunza kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka baiskeli yangu Dodoma. Nililitoa gurudumu, nikafunga roda vizuri, mnyororo ukanyooka kama uzi, nikaifunga fremu kwa blanketi na kuilaza kwenye buti ubavu wa kulia ukiwa juu. Njiani abiria walishuka na kupanda, mizigo ikapangwa upya bila mimi kuwepo, na juu ya fremu yangu likaja gunia la vitunguu. Nilipofika, mnyororo ulikuwa safi, rangi haikuchubuka, nami nikajisifu. Nikarudisha gurudumu, nikapanda, na kwenye mwinuko wa kwanza nilipohamia gia kubwa ya nyuma, kihamisha gia kikaingia ndani ya spoki na kung'oka. Sikio la fremu, yaani kile kipande kidogo kinachobeba kihamisha gia, lilikuwa limepinda ndani kwa kiasi ambacho jicho langu halikukiona.

Sikio hilo hutengenezwa kwa alumini laini makusudi, ili lipinde lenyewe kabla fremu haijaumia. Na roda ya kushikilia mnyororo hailikingi hata kidogo. Kwa hakika inalihatarisha, kwa sababu ili mnyororo ubaki umenyooka lazima kihamisha gia kibaki kimening'inia nje, mahali hasa ambapo gunia litatua. Kwa hiyo, kwa safari ambayo mzigo wako utashikwa na watu wengine, fanya kinyume cha picha ulizoziona. Fungua boliti inayokishikilia kihamisha gia kwenye sikio, ambayo kwa kawaida hufunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 5, ukiache kikiwa bado kimeungana na mnyororo na waya wake, ukifunge ndani ya kitambaa kizito pamoja na mnyororo wote uliolegea, kisha ukifungie kwa kamba ndani ya uma wa nyuma, katikati ya mikono yake miwili. Mnyororo hautakuwa umenyooka, na haina haja uwe. Kitambaa ndicho kitakachoilinda rangi.

Kitu cha kubaki mahali pa gurudumu katika safari hiyo ni kile kinachoushikilia upana wa uma: ile habu kuukuu, au lile bomba ulilolikata. Uma ulio wazi bila chochote katikati ni kama mkasi. Ukilaliwa na mzigo, mikono yake inasogeleana. Mbele fanya vivyo hivyo ikiwa umelitoa na gurudumu la mbele, na kipande cha mbao kilichopimwa vizuri kinatosha. Kadibodi katikati ya pedi za breki iende nayo mpaka mwisho wa safari.

Mambo ni tofauti kabisa ikiwa baiskeli inakwenda ndani ya gari lako mwenyewe, ikiwa imelazwa juu ya kiti kilichokunjwa na hakuna atakayeigusa mpaka mfike. Hapo roda inafanya kazi yake yote: mnyororo haugusi kiti, kihamisha gia hakibanwi na kitu, na mkifika gurudumu linarudi ndani ya dakika moja. Baadhi ya fremu zina hata kidole kidogo kilichochomelewa upande wa ndani wa mkono wa kulia wa uma, juu kidogo ya mdomo, ambacho wenye baiskeli hukiona miaka mingi bila kujua kazi yake. Ni cha kutundikia mnyororo. Hauwezi kuzunguka ukiwa hapo, kwa hiyo hakifai kwa kuosha, lakini kwa safari fupi ya gari hakuna haja ya kingine.

Uliongeza mwishoni kwamba baba yako ana Phoenix ya zamani na ungependa kifaa kimoja kizitumikie zote mbili. Hakitazitumikia. Ile haina springi wala kihamisha gia, mnyororo wake unakazwa kwa kulivuta gurudumu nyuma kabla ya kukaza nati, na roda yoyote utakayoiweka itabaki na mnyororo unaoning'inia. Kwa Phoenix, fungua kilipu cha mnyororo kwa koleo, uutoe wote na kuuosha ndani ya kopo. Unapokirudisha kilipu, ambacho umbo lake ni kama la samaki, upande uliozibwa uelekee kule mnyororo unakokwenda, ili kikigusa kitu kisifunguke. Kama ncha mbili zinakataa kukutana, spoki iliyokatika ukiikunja ncha zote mbili kama ndoana itazivuta na kuzishikilia karibu karibu huku mikono yako ikiwa huru kuchomeka kiungo. Ndoana hiyo hiyo itakufaa kwenye baiskeli yako ya gia siku utakapobadilisha mnyororo, kwa hiyo itengeneze leo leo. Spoki kuukuu si haba kwa fundi aliyekupa habu.

Ukifika Iringa na kukirudisha kihamisha gia, usipande kwanza. Inua gurudumu la nyuma, mtu mwingine akushikie kiti, uzungushe pedali kwa mkono huku ukihama gia moja moja hadi ile kubwa kabisa, na upite nyuma ya baiskeli utazame kama roda mbili ndogo zimesimama wima sambamba na gia. Zikiwa zimeinamia spoki hata kidogo, usiitumie ile gia kubwa mpaka fundi alinyooshe sikio au akubadilishie.